Mgonjwa wa Mtihani

Katika wodi ya kifua mimi nilikuwa mgonjwa wa mtihani. Maana yake ni kwamba wauguzi wakitaka kupimwa kama wanaujua ugonjwa sugu wa mapafu, hawapimwi kwa karatasi peke yake. Wanasimamishwa kando ya kitanda cha mtu anayeumwa kweli, mtahini anauliza, wao wanajibu, na yule mtu analala pale kama mfano. Mfano huo nilikuwa mimi. Kifua changu kilipendwa sana kwa kazi hiyo. Juu kinapiga filimbi, chini kinakoroma, na katikati kuna sauti kama bawaba ya mlango wa stoo. Ndiyo maana wodi nzima waliniita Injini.

Ugonjwa wenyewe niliuokota njiani. Nimechoma chokaa, nimekoroga lami, nimelala nyuma ya tanuri la mikate kwa sababu palikuwa na joto, na popote nilipokuwa mfuko wa shati haukukosa sigara. Hata shule nilisoma hivyo hivyo, kipande hapa kipande kule, kila mji niliofika naanzishwa upya na kitabu kile kile cha kwanza. Kwa hiyo nilipolazwa nikaona darasa limenifuata mpaka kitandani, la bure tena, nikakaza masikio.

Kila mtihani niliusikiliza. Sista huyu kasema hivi, yule kasema vile, vyote nikaviweka kichwani. Baada ya muda nikawa najibu kimoyomoyo kabla yao, na wakishaondoka namsomesha jirani yangu wa kitanda cha pili. Huyo alikuwa kinyozi mstaafu. Kifua chake nacho ni kibovu, ila hakina sauti nzuri, hakikuwahi kuchaguliwa. Alinionea wivu. Alisema mimi ni daktari wa blanketi, nikimwambia lolote anajigeuza upande na kuuliza mshahara wangu unalipwa dirisha gani.

Kitu kimoja sikukifikiria. Mtahini hasemi nani kapatia na nani kakosea. Mtahini wetu alikuwa bwana mmoja mpana, mwenyewe muuguzi wa siku nyingi, na uso wake kama ukuta uliopakwa rangi jana. Ukijibu vizuri anaandika. Ukijibu upuuzi anaandika. Akimaliza anasema asante, anakwenda zake. Basi mimi nikawa kama mtu anayeokota misumari barabarani, iliyonyooka na iliyopinda yote mfuko mmoja. Na jibu nililolipenda kuliko yote ni lile lililosemwa kwa sauti kubwa.

Sasa, kulikuwa na sista mmoja tuliyemwita Nong'ona. Msichana mrefu, mikono imekauka kwa kunawa. Mbele yetu wagonjwa alizungumza kama watu wengine, na utani aliujua, lakini akisimama mbele ya mkubwa sauti yake inateremka kooni na kujificha huko. Kazi aliiweza. Wenzake walikuwa wakinilaza chali ili kitanda kipendeze, nami nikilala chali ni kama nimekaliwa na ng'ombe. Yeye alinirundikia mito mgongoni, akanisogezea ile meza ya chakula niegemeze mikono, akasema wodi inaweza kupendeza kesho. Kwa mito ile peke yake ningempa binti yangu, kama ningekuwa na binti na kama yeye angekuwa mwanamume.

Huyu Nong'ona alishaanguka mtihani mara moja, si kwa kutojua bali kwa kutosikika. Matroni, mama mkubwa wa wodi, akamwambia wazi kwamba akianguka tena atamhamishia chumba cha kuchemshia vifaa.

"Huko mgonjwa wake atakuwa mkasi," Kinyozi akasema. "Na mkasi hauulizi hali."

Nilimwona Nong'ona anatandika kitanda kile kile mara mbili bila kujua. Nikamwita, nikamwambia aache unyonge, babu yake nipo. Nikampa mpango. Mtahini akiuliza na yeye akijibu, mimi nitakohoa. Kikohozi kimoja, amepatia, asonge mbele. Viwili, amekosea, ageuze haraka. Nani atamshuku mzee wa kifua kwa kukohoa?

Alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda. "Babu, huo si wizi?"

Nikamwambia wizi ni kuchukua cha mtu. Kikohozi ni changu.

Hakukubali wala hakukataa, aliitwa kwenda kubadilisha dripu ya mtu. Mimi nikahesabu amekubali. Kinyozi aliyesikia yote akaniambia neno moja ambalo ningelisikiliza ningekuwa bado na cheo changu. Alisema, "Injini, wewe ukianza kukohoa huwa hujui kuhesabu."

Siku ya mtihani tukapigwa deki asubuhi pamoja na sakafu. Shuka zikavutwa mpaka zikalia. Matroni akapita akinyoosha mapazia yaliyonyooka. Kisha mtahini akaingia na ubao wake wa kuandikia, akanisalimia kama tunavyosalimiana siku zote, maana sisi wawili tulikuwa watu wa kazi moja, akamwita Nong'ona aje asimame kando ya mto wangu. Alikuja. Nilisikia viatu vyake kuliko sauti yake.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Aeleze mimi naumwa nini, na kwa nini isiwe pumu. Akajibu kwa mbali kwamba pumu huja ikaondoka na mtu akabaki mzima, lakini huu wangu njia za hewa zimekwisha kuharibika na haziwi mpya tena, kinachofanyika ni kuzitunza zisiharibike zaidi. Niliwahi kulisikia hilo. Nikakohoa kimoja, kisafi, cha kitaalamu. Bega lake likashuka kidogo. Nikaona mambo yanakwenda.

Akaulizwa kama ninaweza kumwambukiza Kinyozi. Akasema hapana. Nikajiandaa kukohoa kimoja kingine, na hapo ndipo kifua kilipokumbuka kwamba ni kifua changu na si filimbi ya refa. Kimoja kikatoka. Kikaja cha pili kukifuata. Cha tatu kikawasukuma wenzake, mara nikawa nimekunjana juu ya ile meza, macho yananitoka, nakohoa kama trekta linalokataa kuwaka. Kila nilipopata nafasi nilijaribu kuongeza kimoja ili jumla iwe nzuri, lakini jumla yenyewe sikuwa nayo tena.

Nong'ona maskini akawa anafuata. Akasema hauambukizi. Akasema au labda. Akasema hapana, hauambukizi.  Kinyozi alikuwa ameuma shuka.

Mtahini akasubiri nimalize, akauliza kama nataka maji. Nong'ona akaninywesha, mkono wake mmoja mgongoni kwangu. Na alipokuwa na mkono pale, akili yake ikarudi, akasema vizuri kwamba ugonjwa huu hauambukizi, huyu mzee ameunguzwa mapafu na moshi na vumbi la kazi, na Kinyozi ana wake kwa sababu zake.

"Mimi ni za sigara tu," Kinyozi akasema. "Sikumwibia mtu."

Matroni akamtazama, naye Kinyozi akajifunika shuka.

Ndipo likaja swali la oksijeni. Nililisubiri hilo kama mtoto anavyosubiri sahani, maana ndilo nililokuwa na uhakika nalo kuliko yote. Mtahini akauliza: mgonjwa huyu amezidiwa, hewa haimtoshi, mtungi wa oksijeni upo pembeni, utafanyaje?

Nong'ona akasema angemkalisha kwanza, amwegemeze mbele. Halafu angefungua oksijeni kidogo, akiangalia kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, kisome asilimia kati ya themanini na nane na tisini na mbili, asiiachie ipande kupita hapo.

Nikashtuka. Kidogo? Sista mmoja mnene mwenye sauti ya kuuza samaki aliwahi kusimama pale pale akasema kwa nguvu, afungue mpaka mwisho, na mwangwi wa ukutani ukamkubalia. Nikakohoa viwili, vya makusudi, vilivyotengana vizuri.

Nong'ona akanitazama. Nikarudia, viwili.

 Nikamkazia macho ya kumtia moyo. Naye akanikazia macho ambayo sikuyaelewa siku ile, sasa nayaelewa, yalikuwa yanasema babu nyamaza. Kisha akamgeukia mtahini akarudia jibu lake lile lile, kidogo, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Mimi kwa uchungu wa kumwona anazama na kamba nimemtupia, nikakohoa viwili kwa mara ya tatu.

Mtahini akaweka kalamu chini.

"Mzee," akasema, "hicho kikohozi kina maana?"

Nikamwambia kifua changu hakina maana yoyote, ni kibovu tu.

Shuka ya kitanda cha pili ikateremka. "Kimoja ndiyo, viwili hapana, bwana mkubwa," Kinyozi akasema. "Mimi nilimwonya."

Nimewahi kuibiwa viatu nikiwa nimevaa, lakini sikuwahi kuuzwa kwa bei rahisi kama siku ile. Matroni akavimba. Akasema mtihani umekwisha, sista huyu amedanganya, kesho aripoti kwenye vifaa.  Nong'ona alikuwa ameshika chuma cha kitanda changu, na kitanda kilikuwa kinatetemeka, na safari hii si mimi.

Mtahini hakuinua sauti. Alimuuliza Matroni sista amedanganya nini, wakati alipokoholewa hapana amebaki na jibu lake. Aliyekohoa ni huyu. Akavuta stuli, akakaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza mimi ningejibu nini.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Siku zote nimelala pale na majibu kifuani, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajiweka sawa kwenye mito. Nikamwambia jambo lenyewe halihitaji shule. Mtu amekosa hewa, mpe hewa. Fungua mtungi mpaka mwisho. Kumpimia mtu hewa kama mafuta ya taa ni ubahili.

Ukuta uliopakwa rangi ukapata mkunjo mmoja, pembeni mwa mdomo.

"Sista," akasema, "mgonjwa wako anaamini hivyo. Nyumbani atafanya anachoamini yeye, si unachoamini wewe. Sina swali jingine. Swali ndilo hili limelala hapa. Mfundishe; akiweza kunieleza kwa maneno yake, umefaulu. Asipoweza, Matroni atafanya anavyoona."

Basi mtihani ukanihamia. Nong'ona akainama, akaanza kunieleza, na sauti ikateremka kule inakojificha. Nikamwambia sisikii. Akaanza tena. Nikamwambia bado sisikii, na Kinyozi akasema hata yeye hasikii, na yeye masikio ni mazima.

Akasimama wima. Akavuta pumzi.

"Babu, nisikilize," akasema, na mfanya usafi aliyekuwa korido akasimama na ufagio wake. "Kila siku nikikufundisha unaniambia najua. Hujui. Kifua chako ni chumba chenye mlango mbovu. Watu wanaingia, kutoka hawatoki. Shida yako kubwa siyo kuingiza hewa, ni kuitoa ile chafu. Mwili wako umeshazoea kuishi na oksijeni kidogo. Nikikufungulia mpaka mwisho, hewa chafu inajaa kwenye damu, unaanza kusinzia. Utaniona nimekusaidia. Utasinzia vizuri sana, babu. Tutakuja kukuamsha huamki."

 Hata vifua vya wodi nzima vilijizuia.

Nikataka kubisha. Nikamkumbuka yule sista mnene, nikamtaja. Nong'ona akamtazama mtahini, mtahini akatazama dari, ndipo nikaelewa kwamba sista mnene sijamwona wodini tangu siku ile. Nikahisi ule mfuko wa misumari unamwagika kichwani.

Akaniuliza niitoeje hewa chafu nikizidiwa. Nikasema kwa nguvu, kwa mdomo wazi. Akasema hapana. Nivute polepole kwa pua, halafu nikunje midomo kama ninayepoza chai, nipulize taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Akafanya yeye. Nikafanya mimi. Mara ya kwanza nikapoza chai ya watu kumi. Mara ya pili nikapoza yangu peke yangu, na kwa kweli kile chuma kinachonibana mbavuni kikalegea kidogo, nikakasirika, maana ninakipoza hivyo hivyo kikombe tangu utotoni na hakuna aliyeniambia ni dawa.

"Nionyeshe pampu yako," akasema.

Hiyo pampu ya dawa ya kuvuta mdomoni nilikuwa nayo kwa muda mrefu, na niliitumia mbele za watu kwa madaha. Nikaitoa chini ya mto. Nikaiweka mbele ya mdomo, nikabonyeza, nikavuta. Wingu jeupe zuri likapanda juu.

"Siku zote anafanya hivyo," Kinyozi akasema. "Mbu wa upande huu wana mapafu safi sana."

Watu wakacheka, na Matroni nadhani pia, ila aligeukia pazia. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kwangu. Kukubali neno la oksijeni si kitu, mtungi si wangu. Lakini pampu ilikuwa yangu. Nilimfundisha Kinyozi kuitumia. Nilimfundisha mpaka mgeni wa kitanda cha mlangoni. Kusema sijui mbele ya watu wale, na Kinyozi amejikalisha kama yuko sinema, afadhali ningelazwa chali.

Nikasema pampu yenyewe ndiyo mbovu.

 Nong'ona alikuwa ameitazama ile kalamu ya mtahini iliyolala juu ya ubao, haijaandika kitu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho mpaka kwenye kola. Nikafikiri habari ya chumba cha vifaa, mvuke, na huyu mtoto amesimama katikati anazungumza na mikasi. Na mimi huku nimelala chali, kitanda kimependeza.

"Haya mama," nikasema. "Sijui. Nifundishe."

Kinyozi akatoa sauti fulani, nikaiacha ipite.

Akachukua chupa tupu ya maji, ya plastiki, aliyokuwa ameitoboa kitako tundu la ukubwa wa mdomo wa pampu. Akanitikisisha pampu kwanza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nilidhani yenyewe inajua. Akaichomeka kwenye tundu, akaniweka shingo ya chupa mdomoni, nikaibana kwa midomo. Nitoe hewa kwanza kabla ya kuibana. Bonyeza mara moja. Vuta polepole, siyo kama unakunywa supu ya mtu. Zuia pumzi. Zuia, babu. Zuia. Sasa achia.

Nikakosea. Nikavuta kabla sijabonyeza, nikameza upepo. Akanirudisha mwanzo bila kusema pole, na huyu ni mtu ambaye alikuwa akisema pole hata kwa kitanda akikigonga. Tukarudia. Safari hii nikasikia kitu kichungu kimepita kooni kikashuka chini kabisa, mahali ambapo hakuna dawa iliyowahi kufika. Hapakuwa na wingu. Nikatazama juu kulitafuta kwa mazoea.

"Sasa mweleze," akasema Nong'ona, akanionyesha mtahini.

Nikamweleza. Nilimwambia kifua changu kina wapangaji wasiotaka kuhama, kwa hiyo wageni wasiingizwe kwa fujo. Oksijeni ni kwa kipimo, na kipimo anakijua sista, mtu wa nyumbani asichezee mtungi. Nikizidiwa nikae, niegemee mbele, nipoze chai bila chai. Pampu itikiswe, ivutwe ndani ya chupa, pumzi izuiwe. Na sigara, hilo hakuniuliza lakini nilimwambia, niliiacha, ila bado nanusa mfuko wa shati.

Mtahini akaokota kalamu, akaandika kwa muda. Uso umerudi ukuta. Akasema asante. Akanyanyuka, akarudisha stuli mahali pake, akaelekea mlangoni, na wote tukabaki tumening'inia, maana hivyo ndivyo anavyoondoka siku zote, umefaulu au umeanguka. Matroni akamfuata. Nong'ona akaanza kunivuta shuka ambayo haikuhitaji kuvutwa.

Mlangoni Matroni akamuuliza afanye nini na huyu, chumba cha vifaa kinahitaji mtu. Mtahini akasema kitafutiwe mtu mwingine, huyu amefaulu. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaagiza sabuni, lakini wodi nzima tulikuwa tumenyamaza kwa ajili hiyo na tukalisikia. Nong'ona akakaa kitandani kwangu, juu ya mguu wangu. Sikumwambia.

Kisha Matroni akarudi kunishughulikia mimi. Alisema kuanzia siku hiyo si mgonjwa wa mtihani tena, mgonjwa wa mtihani huwa hana maoni. Nafasi amepewa Kinyozi. Basi nikafukuzwa kazi ambayo sikuwahi kuajiriwa, na Kinyozi akaanza kufanya mazoezi ya kukoroma kwa sauti nzuri. Mpaka leo hajaipata.

Baada ya siku chache akaletwa dereva mmoja wa lori, mtu mkubwa anayepumua kama amefungiwa kwenye gunia. Wakampa kitanda cha mbele yangu. Nong'ona akaja na chupa yake iliyotobolewa, akaanza naye tangu mwanzo, chumba na mlango mbovu na chai. Sauti ilifika mpaka kwa wagonjwa wa mwisho. Yule bwana akawa anamtazama kwa wasiwasi, msichana mdogo vile amwambie yeye jinsi ya kuvuta pumzi, mtu aliyevuka mipaka yote. Nilipokuwa na umri wake ningemtazama vivyo hivyo.

Akanigeukia mimi, mvi zangu zilimvutia. "Mzee wangu, wewe naona ni mwenyeji hapa. Hiyo oksijeni, si bora tu wafungue yote?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa na mfano wa wapangaji, nilikuwa na mwingine wa tanuri la mikate nilioutunga jana yake, mzuri kuliko wa Nong'ona. Ulimi uliniwasha. Kinyozi alikuwa ameegemea kiwiko, ananingoja niharibu.

"Muulize sista," nikasema.

Nikageukia ukutani, nikakunja midomo, nikapuliza taratibu.